Visu Vizuri vya Bainzu

Shemeji yangu Bainzu alikuwa na mikono ya ajabu na mdomo mzito. Alimwoa dada yangu Grassia baada ya vita, na kwa kuwa mimi sikuolewa, nilihamia kwao, nyumba ya mawe karibu na juu kabisa ya mji wetu wa Pattada. Chini ilikuwa karakana yake, juu tulikaa sisi. Sakafu ilikuwa ya mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeachana. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Mengine niliyaona, na mengine yalinipandia kupitia nyufa za sakafu nikiwa nashona.

Bainzu alikuwa mfua visu. Kwetu mwanamume akitoka bila kisu cha kukunja mfukoni, hujihisi kama ametoka bila suruali. Hukatia mkate na jibini, huchunia mwanakondoo, hukwangulia matope ya viatu, kisha hukipangusa pajani na kukatia mkate tena. Mchungaji anaweza kukaa zizini msimu mzima bila mke, lakini bila kisu hakai.

Aliyemfundisha kazi ni mzee Larentu, ambaye wakati huo alikwisha kufa. Larentu alikuwa mtu wa divai na mtu wa haraka. Visu vyake vilipinda, bapa likalala upande kama jino bovu, na ukikikunja, ncha ilibaki inachungulia nje ya mpini. Vilitoboa mifuko ya watu na kuwachoma mapaja. Na wachungaji walivipenda kupita kiasi. Walivipa majina. Kilabuni, ng'ambo ya njia chini ya dirisha letu, walivitoa na kuvilaza mezani kama watu wanaoonyesha watoto wao.

"Huyu Mkorofi wangu," mmoja angeanza, "juzi kanichoma hapa, tazama, nusura nikose watoto."

"Watoto ulishakosa siku nyingi, usikisingizie kisu."

"Cheka tu. Nguruwe mwitu mzima kamchuna huyu, wala sijamtia kwenye kinoo."

"Mwongo mkubwa! Huyo nguruwe alikufa kwa kusikiliza porojo zako."

Visu vya Bainzu vilikuwa kitu kingine. Bapa lake lilikuwa kama jani la mhadasi, jembamba, limenyooka. Mpini aliuchonga kwa pembe ya kondoo dume, akausugua mpaka ukawa laini kama ngozi ya shavu. Ukikikunja, bapa liliingia ndani ya mpini lote, hapakubaki hata upenyo wa kupitisha unywele, ila mfuo mdogo wa kutilia ukucha. Hakikupinda, hakikushika kutu, hakikumchoma mtu. Nusu ya wanaume wa Pattada walikuwa nacho. Na sikuwahi kumsikia hata mmoja akikitaja kilabuni. Bainzu alikaa pembeni na bilauri yake, akisikiliza wenzake wakimsifu marehemu Larentu, na visu vyake mwenyewe vimelala kimya ndani ya mifuko ya watu hao hao.

Siku moja alimuuliza dada yangu: "Grassia, kisu nilichokutengenezea unakionaje?"

"Kipi?"

"Cha jikoni."

"Aa, kile. Kinakata."

Nilimwona anasubiri neno jingine. Dada yangu alikuwa anamenya maharagwe, akaendelea kumenya.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Billia, mchungaji mrefu mwenye kicheko cha taratibu. Billia na mkewe Mallena walipopata mtoto wa kike, walimchagua Bainzu awe baba wa ubatizo. Tangu hapo wakaitana kompare, naye Mallena akawa komare yake, na huo kwetu ni undugu ambao watu huuheshimu kuliko wa damu. Kwa furaha hiyo Bainzu alijifungia karakanani kumtengenezea Billia kisu. Alichagua pembe, akaitupa, akachagua nyingine. Nilisikia tupa ikikwaruza asubuhi na jioni. Kilipokwisha, hata mimi nisiyejua visu nilitaka kukishika.

Alimpa siku ya karamu ya ubatizo, mbele ya watu, mwanakondoo wa kuchoma akiwa amewekwa mezani juu ya majani. Billia alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza. Akakifungua, akakifunga.

"Kizuri, kompare," alisema.

"Kizuri vipi?"

"Kizuri tu. Hakina neno."

Akakitia mfukoni, akamkumbatia Bainzu kwa moyo wote. Halafu akakaa, akatoa kwenye mfuko wa pili kisu chake cha zamani cha Larentu, kile kilichopinda, akaanza kumkata mwanakondoo. Hakufanya kwa ubaya. Mkono wenyewe ulikwenda huko. Grassia alinipiga teke chini ya meza. Bainzu aliitazama ile nyama ikikatwa, akasema mwanakondoo ameiva vizuri.

Mtoto yule alikuwa ameanza kutembea ulipokuja mwezi wa pili wenye theluji kubwa. Kwetu theluji huanguka, lakini si hivyo. Milango haikufunguka, watu walitokea madirishani. Billia alikuwa ameshuka zizini kwake alfajiri na farasi wake jike kuokoa kondoo, na hakurudi. Ndugu yake Bustianu na wengine walimtafuta, wakarudishwa na upepo. Theluji ilipotulia wakampata. Farasi alikuwa ameteleza akaanguka ndani ya korongo, amevunjika shingo, na kamba ya hatamu ilikuwa imemzunguka Billia mguuni na kumbana kwenye shina la mwaloni. Uzito wote wa mnyama yule uliivuta kamba. Mafundo yalikuwa yameganda yakawa kama chuma. Alikaa pale pale, kichwa kimeegemea mti, mpaka baridi ikamchukua.

Walipomleta nyumbani kila mtu aliuliza swali moja. Mbona hakukata kamba?

"Kisu kilikuwa mfukoni, mfuko wa kushoto," Bustianu alisema, hamtazami mtu usoni. "Kimekunjwa."

"Kisu kipi?"

"Cha kompare wake. Cha Bainzu."

Basi likaanza neno. Kwamba Billia alikisahau. Kwamba alikuwa na makali mapya kabisa mfukoni, akafa amefungwa kwa kamba, kwa sababu hakukumbuka kama anacho. Msibani walinong'ona kwa huruma. Wiki kadhaa baadaye, kilabuni, huruma ilikuwa imepungua.

"Kisu cha Bainzu, nani hukumbuka anacho?" mmoja alisema. "Mimi changu nilikitafuta mwaka mzima, kumbe nimekivaa."

"Cha Larentu kingemkumbusha chenyewe. Kingemchoma."

Bainzu alikuwa amekaa pale pale. Aliweka bilauri chini, akatoka, na hakurudi tena kilabuni maisha yake yote.

Yaliyofuata yalianza joto lilipoingia. Kuna ile saa ya baada ya chakula cha mchana, jua limesimama juu ya paa, mji mzima umefunga madirisha na kulala, hata mbwa hawabweki. Mimi silali mchana, nilikuwa nashona. Nikasikia Bainzu anaongea huko chini. Nilidhani kaja mteja. Nikasikiliza, na sauti ilikuwa yake peke yake.

"Mfuko wa kushoto, kompare," alikuwa anasema, kwa upole kabisa, kama unavyomwelekeza kipofu. "Wa kushoto. Hapo, hapo. Tia mkono."

Nikashuka. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, jua likiingia na kulala sakafuni kama shuka. Bainzu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, tupa mapajani, ameutazama mlango.

"Unaongea na nani, shemeji?"

"Keshaondoka."

"Nani?"

"Caderina, usimwambie Grassia," alisema. "Billia anakuja. Anasimama pale kizingitini. Haingii. Anajipapasa. Koti, kifuani, mapajani, halafu anaanza upya. Kama mtu aliyepotezewa kitu. Namwelekeza kilipo, lakini hanisikii. Wala hanitazami."

Nilikwenda mlangoni kutazama, kwa kuwa sikujua la kufanya. Njia ilikuwa tupu, mawe yakiwaka kwa joto. Kwenye kizingiti palikuwa na unyevu, pamelowa pote kwa upana wa nyayo mbili. Nilijiambia ni ndoo ya Grassia imevuja. Sikumuuliza Grassia kama alipita na ndoo.

Alikuja majira yote ya joto. Mimi sikumwona, sitaki kudanganya. Lakini nilijifunza kujua siku zake, kwa sababu chini palikuwa kimya kwanza, tupa inaacha, halafu naisikia sauti ya shemeji yangu, "wa kushoto, kompare, wa kushoto," mpaka nikatamani kuziba nyufa za sakafu kwa nta. Dada yangu aligundua, bila shaka. Mke hahitaji kuambiwa kitu kama hicho na mtu mwingine. Alimwita mama mmoja wa kuombea jicho la husuda, aliyetia ngano kwenye maji na kusoma maneno yake, akatikisa kichwa, akasema hakuna jicho la mtu hapa. Alipewa mayai akaenda zake.

Vuli ilipofika, Bainzu akaanza kuzunguka nyumba za watu. Alivaa koti lake la kanisani, akabisha.

"Samahani, bwana. Kile kisu ulichonunua kwangu, naomba nikione."

"Kina nini? Sina malalamiko."

"Najua huna. Naomba nikione tu."

Basi ikawa kukitafuta. Nilifuatana naye mara nyingine, Grassia alinituma nimwangalie asije akaanguka njiani, alikuwa amekonda. Nyumba moja walikikuta ndani ya droo pamoja na mishumaa ya wafu. Nyingine kilikuwa kwenye koti la arusi, tangu arusi. Nyumba ya tatu mwenye nyumba alizunguka vyumba vyote akikuna kichwa, mkewe akacheka, akaenda dirishani: walikuwa wamekichomeka chini ya ubao wa dirisha ili usigongegonge kwa upepo.

"Kimefaa sana hapo," mkewe alisema. "Hakijasogea hata kidogo."

Bainzu alivipokea kimoja kimoja, akatia ukucha kwenye mfuo na kujaribu kukifungua. Niliona kitu kinabadilika usoni pake. Njiani tukirudi alisema, "Vigumu vyote. Kama siku nilivyovitoa."

"Si ndiyo vizuri? Havijalegea."

"Kisu hulegezwa na mkono, Caderina. Ukikifungua na kukifunga kila siku, kinazoea, kinakuwa kama bawaba ya mlango. Hivi hakuna aliyevigusa." Akasimama katikati ya njia. "Mimi hukibana sana kikiwa kipya, kisicheze. Nilidhani watakilegeza wenyewe kwa kukitumia."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini baridi ilipokaza, asubuhi moja maji ya hodhi la uani yalikuwa yameganda, nikamwona kutoka juu anavunja barafu kwa nyundo. Akavua koti. Akatia mikono yote miwili majini mpaka kwenye viwiko, akasimama hivyo. Nilimwita, hakuitika. Mikono ikawa myekundu, kisha ikawa ya rangi ambayo sikuipenda. Ndipo akaitoa, akachukua kisu kipya alichokiweka ukingoni mwa hodhi, akajaribu kukifungua.

Vidole havikushika. Ukucha uliteleza kwenye mfuo. Akajaribu tena, na tena, akijikunja juu ya kile kisu kama mtu anayetaka kuvunja kokwa. Ukucha ukavunjika. Akakitia mdomoni, akauma, lakini hakuna kilichokuwa kimejitokeza cha kuumwa, pembe laini tu, bapa limezama ndani kabisa kama alivyolitaka mwenyewe. Kisu kikaanguka kwenye barafu. Nilipofika uani alikuwa amepiga magoti, analia bila sauti.

"Hakusahau," alisema. "Hakusahau, Caderina."

Hakungoja hata mikono ipate moto. Alikwenda kwa Mallena vile vile, nami nikamfuata nimelishika koti lake.

Mallena alikuwa anachekecha unga, amevaa nyeusi toka kichwani. Mtoto alikuwa kwa bibi yake. Alipomwona Bainzu na ile mikono, akaweka chekecheo chini.

"Kompare, umefanya nini mikono yako?"

"Komare, niambie kweli. Kilikuwa mfukoni?"

Mallena alikwenda kuufunga mlango.

"Bustianu alisema kilikuwa mfukoni, kimekunjwa. Kilikuwa mfukoni?"

"Keti kwanza."

"Siketi. Niambie."

Mallena alikwenda kwenye kasha lake, akafukua nguo, akatoa kitambaa cheupe na kukifungua mezani. Kisu kilikuwa kimekunjwa, kizuri kama siku ya ubatizo. Lakini kwenye pembe, pande zote mbili, palikuwa na alama. Mimi nilidhani ni za tupa. Bainzu alikipitishia kidole, na hakuhitaji kuambiwa kuwa ni meno.

"Kilikuwa mkononi mwake," Mallena alisema. "Bustianu alilazimika kumfungua vidole. Nilipomwosha nikaona kucha zimevunjika. Mimi ndiye niliyemwambia Bustianu aseme kilikuwa mfukoni."

"Kwa ajili yangu? Watu wasiniseme?"

Mallena alicheka, kicheko kibaya sana. "Natamani ingekuwa kwa ajili yako, kompare. Ningekuwa mtu mwema. Niliogopa wakijua alihangaika nacho, watauliza kile chake cha zamani kiko wapi." Akajifuta unga mikononi, akajifuta tena ijapokuwa haukuwapo. "Kile chake cha Larentu kilikuwa kinamtoboa suruali. Kila wiki nashona mfuko ule ule. Nikachoka, nikamwambia, una kisu kizuri cha kompare, kwa nini hukitumii? Anasema, ndiyo, ndiyo, nitakitumia. Asubuhi ile alikuwa anavaa gizani kwa haraka. Nikakitoa cha Larentu mfukoni, nikatia chako. Kile nikakifukia kwenye mtungi wa unga asikione. Nilisema moyoni, atakizoea tu."

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye vigae.

"Cha Larentu ncha yake iko nje," Bainzu alisema taratibu. "Angeivuta kwa meno."

"Najua."

"Angekisugua kwenye kamba hata bila kukifungua."

"Najua, kompare! Unadhani sijui?"

Bainzu akaketi. Akamwambia habari za mlangoni, za saa ya mchana, za mtu anayejipapasa. Nilitegemea Mallena aogope. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Kwangu hasimami mlangoni," alisema. "Kwangu yumo jikoni. Nikiwa chumbani namsikia anapekua mtungi wa unga. Nikija, unga umetapakaa." Akamtazama Bainzu usoni, na naamini alisita kabla ya kusema. "Hatafuti chako. Anatafuta kile."

Nimeona watu wakipewa habari za vifo. Sijaona uso kama ule. Bainzu alikuwa amemwelekeza marehemu mfuko wa kushoto majira yote ya joto, na marehemu hakuwa na haja na kilichokuwemo. Hata huko aliko, alikuwa anakitaka kile kilichopinda.

"Kiko wapi?" aliuliza.

Mallena aliuingiza mkono ndani ya mtungi mpaka begani, akakitoa, kimevaa unga kama samaki wa kukaangwa. Hakuwa amekitoa tangu asubuhi ile. Alikuwa amechota unga wa mkate juu yake mwaka mzima.

Walikwenda makaburini wawili, mimi nikabaki getini. Ilikuwa mchana. Ardhi ilikuwa ngumu, Bainzu aliichimba kwa mikono ile iliyoumia, akakataa sepetu ya mlinzi. Wakakifukia pale usawa wa mfuko wa kushoto, kadiri walivyoweza kukisia. Mallena alisema maneno ambayo sikuyasikia. Bainzu aliusawazisha udongo kwa kiganja.

Billia hakuja tena. Mallena aliniambia jikoni kwake kumetulia, akaanza kulala, akanenepa kidogo. Kwa Bainzu pia kizingiti kilikuwa kikavu. Nilidhani atashukuru. Lakini saa ile ya mchana ilipofika, tupa iliacha, na chini pakawa kimya kirefu, na mimi juu nilibaki nimeshika sindano nisishone, nikingoja sauti yake. Haikuja. Mara moja nilishuka. Alikuwa anautazama mlango.

"Hajaja?" nilimuuliza.

"Kwani atajia nini? Kapata chake."

Tangu hapo alibadili jambo moja. Visu vyake vilibaki vile vile, vimenyooka, havina neno, hakujua kutengeneza vingine. Lakini mtu akija kununua, hakuuziwa akaondoka. Aliketishwa kwenye kigoda na kuambiwa akifungue na kukifunga mpaka kizoee mkono wake. Kama alikuwa na haraka, alirudishwa nyumbani bila kisu.

"Bwana Bainzu, nina kondoo wananingoja!"

"Wangoje. Fungua. Funga."

"Kidole kinaniuma."

"Heri kikuume sasa kuliko siku nyingine. Fungua."

Walimcheka, wakaita karakana ile shule ya watoto wadogo. Wengine walikwenda kununua kwa mafundi wengine. Waliobaki waliketi wakilalamika, na kwa kuwa walikuwa wameketi, walisimulia habari zao, wakanywa kahawa ya Grassia. Sitasema kwamba walivipenda visu vile. Sikusikia hata kimoja kilichopewa jina. Ila kijana mmoja wa mtaa wa chini alirudi siku ya soko akipiga kelele njia nzima kwamba kisu cha Bainzu kimemkata kidole gumba hadi kwenye mfupa kwa sababu kinafunguka kirahisi mno. Alimtukana shemeji yangu mbele ya watu, akamwita mchinjaji. Bainzu alimfunga jeraha kwa kitambaa chake mwenyewe, akamwomba radhi. Usiku ule alikula sahani mbili.

Kile chenye alama za meno Mallena alimwachia. Alikitumia kulia chakula, hadharani, mezani. Wageni walimuuliza alama zile ni nini, naye akajibu, "Meno ya kompare wangu," wakadhani ni utani.

Bainzu alikufa mzee, wakati wa kukata kondoo manyoya, kwa kifua kilichombana wiki moja. Wanaume waliacha mikasi yao wakaja na nguo zinanuka mafuta ya sufu, wakambeba kwa zamu kupanda kilima. Mvua ilinyesha nyembamba. Mallena alitembea nyuma ya jeneza kati yangu na Grassia, kama mtu wa nyumba. Alikuwa ameshakuwa na wajukuu.

Tulipokuwa tunarudi, Grassia ametangulia na watu, Mallena alinishika mkono kwa sababu ya utelezi.

"Watakuwa wameonana," alisema.

"Unadhani?"

"Wapi pengine ataenda?"

"Na wataambiana nini, baada ya yote yale?"

Mallena alifikiri, akatazama miguu yake asiteleze. "Billia hakuwa mtu wa maneno mengi," alisema. "Atasogea kidogo pale alipoketi, ampe nafasi. Sidhani kama atafanya zaidi ya hapo."

Tukashuka taratibu. Kwa Mallena kulikuwa na mchuzi jikoni, akanikaribisha, nikaingia.